UZI: Cygnus, LX470 na VX za hydroliki (AHC) – soma hapa kabla fundi hajakung'olea mfumo

Mlima Kitonga (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa wenye Land Cruiser 100 za hydroliki, yaani Cygnus, Lexus LX470 na zile VX Limited zilizokuja mkono wa pili kutoka Japani na swichi ya kupandisha na kushusha gari pale jirani na gia. Mtaani dawa imekuwa moja tu, gari likianza kudunda au likilalia upande mmoja fundi anakwambia mkuu hii mifumo haiziwezi barabara zetu tuing'oe tuweke shokapu za kawaida, unatoa hela, gari linarudi linayumba kwenye kona kama limelewa, ukiuliza unaambiwa ndo lilivyo utazoea. Aisee hapana. Mfumo ule hauna uchawi wowote, na mengi yaliyong'olewa yalikuwa yanadai oili mpya na springi mbili za nyuma basi.

Kwanza tuelewane linavyofanya kazi maana hapa ndo penye shida yote. Kwenye gari la kawaida chuma kinabeba uzito na shokapu inatuliza mdundo. Kwenye AHC kazi ya kubeba imegawanywa, mbele kuna tosheni baa (chuma kirefu kinachojipinda badala ya springi), nyuma kuna springi, hizo zinabeba sehemu kubwa ya uzito, kilichobaki kinabebwa na oili yenye presha. Kile unachokiona pale gurudumuni ukadhani ni shokapu ndani hakina gesi, kazi yake ni kusukuma oili tu, kila ukikanyaga shimo oili inapita kwenye bomba inaenda kwenye tufe la chuma lililofungwa kwenye chasisi. Ndani ya tufe kuna kiwambo cha mpira, upande huu oili, upande ule naitrojeni iliyoshindiliwa. Naitrojeni ndo inayobonyea na kurudi, ule ulaini mnaousifia unatoka pale. Matufe ni manne, moja kwa kila gurudumu, af kuna mtungi wa kuhifadhi presha kwa ajili ya pampu, na sensa za kimo tatu, mbili mbele moja nyuma, ndo zinaiambia kompyuta gari limesimama wapi. Ukipakia mizigo kimo cha nyuma kikashuka kompyuta inaongeza oili mpaka gari lirudi levo.

Sasa sikilizeni hapa vizuri. Springi ikichoka baada ya miaka ishirini gari HALISHUKI. Kompyuta inaona sensa imeshuka kidogo inaongeza oili, gari linasimama vilevile, wewe unalitazama unasema springi zangu nzima. Kumbe oili imebebeshwa kazi ya chuma, presha imepanda, kiwambo cha mpira ndani ya tufe kinakandamizwa muda wote, sili za zile shokapu zinaanza kulia machozi, na gari linakuwa gumu maana naitrojeni imeshabonyezwa karibu mwisho haina nafasi ya kucheza. Fundi anaona ugumu na uvujaji anasema mfumo umekufa. Mfumo haujafa, unabebeshwa mzigo usio wake.

Kwa hiyo ukiniuliza matunzo ya AHC yanaanzia wapi mi nakwambia yanaanzia kwenye chuma, oili ije baadae. Maswali yaje.

Gerezani Boy

Mkuu mi ni fundi na hizo nimezitoa nyingi tu na wateja wanarudi kunishukuru. Tusidanganyane, oili yake haipatikani kila mahali, mtu yuko Sumbawanga bomba limepasuka utamwambia asubiri oili itoke Dar? Af matufe mapya bei yake si ya mtanzania wa kawaida. Shokapu za kawaida anazipata popote, anafunga jioni anaondoka. We unaongelea gari la kwenda kanisani jumapili.

Mlima Kitonga

Fundi nakuheshimu na hoja ya Sumbawanga naikubali, mtu anayeishi porini na gari linapiga mawe kila siku akiamua kutoa simlaumu. Ninachogomba ni namna mnavyotoa. Tosheni baa za gari lenye AHC ni laini kuliko za VX ya kawaida, zimetengenezwa hivyo kwa sababu oili inasaidia kubeba, na springi za nyuma vilevile. Ukitoa oili ukaweka shokapu ya kawaida ukaacha tosheni baa zile zile, mbele panabaki pameshikwa na chuma dhaifu, ndo maana ukikanyaga breki pua inazama na kwenye kona gari linalala. Anayetoa atoe kikamilifu, tosheni baa za gari lisilo na AHC, springi za nyuma za gari lisilo na AHC, ndo aweke shokapu. Mteja wako umewahi kumwekea tosheni baa? Jibu kwa ukweli hapa hapa.

Gerezani Boy

Tosheni baa hapana, tunazikaza zile zile tu.

Mlima Kitonga

Haya basi. Ukikaza unapandisha kimo, ugumu wa chuma unabaki ule ule.

Mombasa Tisa

Ndugu yangu shukran kwa uzi. Mimi niko Mombasa nina LX470, ya 2001, petroli V8 4.7. Shida yangu gari limekuwa gumu sana kwenye matuta madogo madogo hasa nyuma, watoto wanalalamika, lakini juu chini linapanda vizuri na taa hakuna. Je ni matufe? Kuna jamaa ameniambia yamekwisha yote manne ninunue.

Mlima Kitonga

Usinunue kitu bado kaka. Kupima matufe ni bure kabisa na hauhitaji mashine. Fungua boneti utaona tangi la plastiki la oili ya AHC, lina mistari midogo midogo ubavuni. Weka gari pale palipo sawa, injini inaunguruma, usiwe na mzigo. Shusha gari kwa ile swichi mpaka L (kimo cha chini), subiri litulie, angalia oili imefika mstari wa ngapi. Halafu lipandishe mpaka H (kimo cha juu), litulie, angalia tena. Ikiwa juu H oili itakuwa imepungua tangini maana imekwenda kwenye matufe na kwenye zile shokapu. Hesabu tofauti ya mistari. Matufe mapya yanakupa karibu mistari 14. Ikishuka chini ya 7 matufe yamechoka, gesi imetoroka. Ukipata 10 au 11 matufe yako bado yana maisha, tatizo liko kwengine na mara nyingi ni presha kubwa ya nyuma.

Ukiwa na wasiwasi na mistari yenyewe maana matangi mengine yamechafuka hayaonyeshi, chukua tochi uimulike kwa nyuma.

Bi Spea

Naongezea hapo kwenye matufe, nauza spea za Toyota nayaona kila siku. Watu wanapenda kununua matufe yaliyotolewa kwenye magari yaliyokatwa Japani kwa sababu bei nafuu. Naitrojeni inapenya taratibu kwenye mpira hata tufe likiwa limelala shelfuni, kwahiyo la mkono wa pili unanunua bahati nasibu, hakuna namna ya kulipima pale dukani, utalijua likishafungwa. Kama bajeti ndogo bora ununue mapya mawili ya nyuma kwanza, ukijipanga unamalizia ya mbele, kuliko manne ya kuokota.

Na oili jamani, namba yake ni 08886-01805, kopo la lita 2.5, limeandikwa Suspension Fluid AHC. Mtu anakuja anataka ATF (oili ya gia otomatiki) au oili ya breki eti fundi kasema ni sawa tu. Oili ya breki ikiingia humo imekwisha, sili zote zinavimba zinaharibika, mfumo mzima unafumuliwa. Hilo sio la mjadala.

Chama la Wana

Nimekaa paleee na kahawa. Uzi mtamu huu.

Mgeni2

Mkuu naomba kuuliza, mi nina Harrier ile ya 2004 yenye kupanda na kushuka na jirani yangu ana Prado 120 nyuma inajaa. Hizo nazo ni hivi hivi?

Mlima Kitonga

Hapana, hizo ni za upepo. Zina kompresa na mipira inayojaa hewa, hakuna oili wala matufe ya naitrojeni. Matatizo yake mengi ni mpira kupasuka na kompresa kuungua kwa kufanya kazi muda mrefu. Huu uzi si wa kwenu ila karibuni mkae.

Kinachofanana na AHC ya 100 ni LX570 iliyokuja 2007, hiyo nayo ni hydroliki na matufe, kanuni ile ile ingawa vipimo vyake tofauti. Land Cruiser VX 200 nyingi hazina, zina KDSS ambayo ni habari ya stabilaiza baa tu, zile baa za kuzuia gari kulala kwenye kona.

Mdau wa Benz

Waungwana msisahau kwamba sisi wa Mercedes tulikuwa nayo kabla yenu. Mi nina 300TE, station wagon ya W124, nyuma kuna matufe mawili na pampu inayozungushwa na injini. Stesheni zote za W123 zilizoanza 1977 na za W124 zilitoka kiwandani na usawazishaji wa nyuma, haikuwa opsheni. Na babu wa hii kitu yote ni Citroën, DS ya 1955, alibuni mfaransa Paul Magès, mpaka Rolls-Royce walinunua haki ya kuutumia wakaweka kwenye Silver Shadow ya 1965. Kwahiyo mkisema mfumo wa Kijapani mnanichekesha.

Swali langu: nyuma gari linaruka ruka gumu ila halishuki. Fundi anasema ni shokapu.

Mlima Kitonga

Hahaha mzee wa Benz karibu, historia umeiweka sawa.

Kwako ni rahisi kuliko kwetu maana hakuna kompyuta wala sensa. Una pampu mbele, tangi lenye filta ndani yake, bomba refu linaenda nyuma mpaka kwenye valvu, na valvu imeunganishwa kwa kijiti na stabilaiza baa ya nyuma. Nyuma ikishuka kijiti kinavuta mkono wa valvu, oili inaingia, ikipanda inarudi tangini. Mekanika tupu. Springi za chuma nazo zipo zinabeba kama kwetu.

Gari gumu linaruka lakini kimo kiko sawa, hayo ni matufe, kiwambo kimepasuka au gesi imekwisha, oili haina mahali pa kubonyea. Gari linashuka likiwa na mzigo na halinyanyuki injini ikiwaka, angalia oili tangini, kisha kile kijiti cha valvu maana vichwa vyake hulika, kisha pampu. Gari linadondosha oili kwenye matairi ya nyuma ni sili za shokapu. Matufe ya Benz yanafunguka ki nati na bei yake si ya kutisha.

Oili yako ni ZH-M, sio ATF na sio ya breki, kampuni ya febi nao wanaitengeneza namba 02615. Na filta ya tangini ibadilishe, hakuna anayeikumbuka. Kabla ya kufungua bomba lolote legeza presha kwanza, valvu ya kimo ina skrubu ya kutolea, fungua kidogo kidogo na mpira wa uwazi umeuzamisha kwenye chupa, na gari likae kwenye stendi maana likishuka linashuka na wewe uko chini yake.

Mdau wa Benz

Ubarikiwe mkuu. Hiyo filta hata sikujua ipo.

Mlima Kitonga

Sasa niendelee na oili ya AHC maana nimeona inbox watu wanaulizia namna ya kubadilisha.

Oili mpya inapitisha mwanga, ya zamani inakuwa nyeusi au kahawia na ina harufu mbaya. Kama gari limetoka Japani na hujui historia yake chukulia haijawahi kuguswa. Mi binafsi kila nikifika kilomita elfu 50 au 60 naimwaga, sio kwamba imeharibika ila pampu na valvu zile hazipendi uchafu, na kopo moja la lita 2.5 halitoshi kusafisha mfumo wote, nunua mawili kwa uchache.

Vifaa ni spana namba 10, mpira wa uwazi, chupa, na stendi za kuweka chini ya chasisi. STENDI JAMANI. Ukifungua ile nipo ya kutolea oili gari linashuka ghafla upande huo, likiwa limeinuliwa kwa jeki peke yake usiingize mkono kule. Vaa miwani pia, presha ikiwa bado ipo oili inaruka.

Utaratibu wangu: naweka gari L ili oili irudi tangini, nazima injini, natoa oili chafu ya tangini kwa bomba la sindano kubwa, najaza mpya. Naanza kwenye gurudumu la mbele, nipo iko kwenye ile shokapu yake, nafungua taratibu, oili ya zamani inatoka, natazama mpaka isimame, nafunga. Naenda upande wa pili, kisha nyuma zote mbili, kisha namalizia kwenye mtungi wa kuhifadhi presha ulio kwenye chasisi. Kila baada ya magurudumu mawili matatu nawasha injini nipandishe N (kimo cha kawaida) ili pampu isukume oili mpya, nashusha tena L, narudia. Tangi LISIISHE katikati ya kazi, ikiingia hewa utalala gereji. Ukiona povu linatoka endelea mpaka likome.

Kazi hii ni ya asubuhi moja ukiwa na mtu wa kukusaidia kukanyaga na kuwasha. Fundi anayekwambia anahitaji siku tatu anataka kukuwekea foleni.

Kanzu Nyeupe

Assalaam aleikum ndugu zangu, naandika kutoka Muscat. LX470 huku ni nyingi mno. Faida ya magari ya Ghuba hayana kutu ya ile chumvi wanayomwaga barabarani kwenye theluji Japani, ila mpira hukauka kwa joto, mabomba laini ya kwenye magurudumu yanapasuka ngozi, yachunguze kila mara. Na usukani uko kushoto kwahiyo kwa huko Tanganyika na Unguja hayawafai. Nyinyi mnaonunua Japani chungulieni chini, mabomba ya chuma ya AHC yanapita juu ya chasisi yote, yakila kutu ndo msiba wenyewe.

Mlima Kitonga

Waaleikum salaam kaka. Umenikumbusha jambo la msingi. Anayenunua gari lolote la AHC kabla ya kulipa alale chini na tochi apitishe macho mabomba yote mbele mpaka nyuma, hasa gari lililokaa mikoa ya baridi. Matufe unabadilisha, sensa unabadilisha, springi unabadilisha, mabomba yakioza yote hapo ndo mimi mwenyewe ningefikiria kuutoa mfumo.

Dada wa Kibaha

Mimi yangu taa ya OFF inawaka waka yenyewe, gari halipandi wala halishuki, limebaki chini kidogo mbele. Gereji wameniambia pampu imekufa.

Mlima Kitonga

Dada taa ikiwaka waka maana yake kompyuta imeona hitilafu imejifungia kwa usalama, pampu inaweza kuwa nzima kabisa. Soma kodi za hitilafu kwanza. Kama hauna mashine, kwenye ile soketi ya kupimia chini ya dashibodi unganisha tundu namba 4 na namba 13 kwa kipande cha waya, weka swichi ON bila kuwasha injini, taa ya AHC itapepesa kodi, uihesabu. Usikosee namba za matundu, namba zimeandikwa kwenye soketi yenyewe, kama huoni vizuri mpe mtu wa umeme.

Kwa maelezo yako (mbele, imekwama chini) mi ningeanza na sensa ya mbele. Sensa iko karibu na gurudumu, ina mkono mdogo na kijiti chenye vichwa vya mpira vinavyokwama kwa tope na kutu, na ndani yake kuna njia ya umeme inayolika pale pale gari linapokaa muda mrefu. Chomoa kijiti uuchezeshe mkono kwa vidole, uwe laini. Usafishe na soketi yake, ukiwa na mtu anayeosha gari kwa presha mwambie asielekeze pale.

Af watu wengine wakiona gari liko chini mbele wanalegeza kijiti cha sensa ili kulidanganya lipande. Gari linapanda kweli, ila umeongeza presha juu ya presha.

Dada wa Kibaha

Nimepeleka kwa fundi umeme, sensa ya kushoto mbele kijiti kilikuwa kimekatika kabisa kinaning'inia. Pampu nzima. Wale wa gereji ya kwanza nimewaacha na ankra yao.

Chama la Wana

😂😂😂

Mombasa Tisa

Kaka nimerudi. Mistari nimepata 11. Nikapata jamaa ana laptopu na Techstream (programu ya Toyota ya kupimia gari) na ile kebo, akanipimia. Presha ya mbele inasoma MPa 7.6 na ya nyuma 8.3. Hizo ni nzuri au mbaya? Kimo nacho akanipima akasema kiko sawa.

Mlima Kitonga

Umefanya kazi safi sana. Hebu nikufafanulie na wengine wafaidike.

Matufe yako ni mazima, huyo aliyekwambia ununue manne mshukuru umpite. Presha ya mbele inatakiwa izunguke 6.9, na nyuma ikivuka 7 gari likiwa tupu ujue springi zimelala. Kwako 8.3 nyuma, ndo ule ugumu wa watoto kulalamika. Hakikisha tu alipima hivi: gari tupu, sehemu tambarare, injini inawaka, alishusha mpaka L kisha akapandisha N ndo akasoma, maana namba zinajisasisha gari linapopanda kutoka L kwenda N, akisoma bila kufanya hivyo anasoma namba ya zamani. Na kimo, kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu mpaka ukingo wa mudgadi kiwe karibu milimita 500 mbele na 520 nyuma gari likiwa N. Kimo kikiwa juu ya hapo presha nayo inapanda, kwahiyo kimo kwanza kwa kurekebisha sensa, presha baadae. Mafundi wengi wanakwenda kinyume.

Dawa ya nyuma: springi mpya. Za kiwandani zinatosha kama hubebi sana, kama una siti za watu nyuma kila siku na mizigo tafuta zilizo ngumu kidogo zilizotengenezwa kwa ajili ya AHC. Usiweke zile ndefu za kuinua gari inchi mbili, kompyuta itatoa oili kulirudisha chini mpaka presha ibaki ndogo kupita kiasi gari lianze kuogelea.

Dawa ya mbele haina gharama: tosheni baa. Chini ya gari katikati kuna bolti mbili kubwa za kukazia, soketi namba 30. Zisafishe uzi kwa brashi ya waya, zitie grisi, inua mbele kwa jeki (AHC iwe OFF kabla ya kuinua, hii ni kwa kila kazi, hata pancha) usizungushe bolti gari likiwa limekalia magurudumu. Mzunguko mmoja kamili unashusha presha takriban 0.2. Una 7.6 unataka 6.9, anza na mizunguko mitatu kila upande, shusha gari, liendeshe kidogo litulie, L, N, soma tena. Kama gari linalalia upande mmoja mbele ndo mahali pa kurekebisha hapo hapo, upande ulioshuka unaupa mzunguko zaidi, mfumo wenyewe hauwezi kusawazisha kushoto na kulia.

Gerezani Boy

Mkuu hapo kwenye tosheni baa umenifumbua. Sasa mteja ambaye nishamtolea mfumo na hana hela ya tosheni baa za kawaida nimsaidieje?

Mlima Kitonga

Tafuta kwenye VX zilizokatwa zisizo na AHC, za mbele hazivunjiki hovyo, mkono wa pili ni salama. Angalia alama za kushoto na kulia zisibadilishane. Na zile mabomba ulizoacha zinaning'inia zizibe zisiingie tope, siku akitaka kurudisha mfumo asikute kaburi.

Bi Spea

Mashangingi mengi ya taasisi yaliyokuja mapya hayana AHC, ni springi na shokapu tu, yakiuzwa mnada watu wanayakata. Ila angalieni isije ikawa ile Land Cruiser 105 yenye eksili nzima mbele, ile ina springi mbele haina tosheni baa kabisa. Watu wawili wamenirudia dukani kulalamika wakati walikosea gari.

Mombasa Tisa

Kaka nimekuelewa. Jambo moja tu, mbele nimefunga bampa ya chuma na winchi, na juu ya paa kuna kichanja na gurudumu la pili la spea. Haibadilishi kitu?

Mlima Kitonga

Inabadilisha kila kitu na ulitakiwa uanze na hiyo 😅 Bampa na winchi ndo 7.6 yako ya mbele, hiyo tutaimaliza kwa tosheni baa. Ila la juu ya paa, shusha lile gurudumu na chochote kilichoko kwenye kichanja, toa na zana za nyuma ya siti, upime tena nyuma kabla hujalipia springi. Ikirudi chini ya 7.5 una nafasi ya kusubiri, ikibaki 8 na kitu nunua.

Mombasa Tisa

Sawa, Jumamosi jamaa wa laptopu yuko huru. Nitaleta namba.